Mzee Asibaki Nyuma: Namna ya Kumtafutia Haki, Pesa na Matunzo

Mazungumzo ya redio juu ya amani, Bukavu. Yameandikwa hapa kwa ajili ya makundi ya wasikilizaji, familia zilizohama na viongozi wa mitaa.

 

Leo tuzungumze juu ya mtu aliye katika nyumba nyingi za mji huu, lakini jina lake halionekani kwenye liste nyingi. Mtu huyo ni mzee. Wakati wa kuandika wahami, vijana ndio wanaosimama kwenye mstari. Mama mwenye mtoto mgongoni anaonekana. Mzee yeye amelala ndani, miguu imevimba, hana nguvu ya kupanda mlima wa Kadutu. Anayeandika liste anauliza: «Muko wangapi?» Wanamwambia sita. Mzee ni wa saba. Hawakumsahau kwa ubaya. Walimsahau kwa sababu hasemi.

Wazee wetu wamekimbia mara ngapi? Aliye na miaka 75 leo alikimbia mwezi wa 10 mwaka wa 1996, wakati vita ilipoingia Bukavu na Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa. Alikimbia tena mwaka wa 1998. Wengine walikimbia mwaka wa 2004, wakati mji ulipoporwa. Na mwezi wa 2 mwaka wa 2025, AFC/M23 walipoingia mjini, walikimbia tena au walipokea waliokimbia. Kila mara mzee aliacha kitu njiani: mbuzi, kitanda, karatasi, mtoto. Mtu wa namna hiyo hastahili kuhesabiwa kama mzigo.

Wengine watauliza: mambo ya wazee yanaingiaje katika mazungumzo ya amani? Nitajibu kwa jambo moja mnalolijua wote. Huku kwetu Bushi, mashamba mengi yalipatikana kwa kalinzi. Mtu alitoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami au kwa mkubwa wa kilima, watu wakashuhudia, na shamba likawa lake na la watoto wake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Karatasi ni ile midomo ya walioshuhudia. Anayejua mpaka unapita wapi, mti gani ulipandwa na nani, nani alipewa kwa kalinzi na nani aliazimwa kwa bwasa, ni mzee. Akifa katika nyumba ya kukodi huko Panzi bila mtu kumuuliza, amezikwa na karatasi yenu. Siku mtakaporudi kilimani, mtakutana na jirani ambaye naye hana karatasi, na hapo panga zitatoka. Ugomvi mwingi wa mashamba unaanza hivyo. Kumtunza mzee na kumsikiliza ni kuzima moto kabla haujawaka.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano. Mama huyu si mtu fulani, nimemtunga kutokana na mambo tunayoyaona kila siku, asije mtu akasema nimemtaja mama yake.

Mama ana miaka 71. Ametoka Kalehe. Mume wake alifanya kazi miaka mingi katika shamba kubwa la kinini, kisha akafa. Karatasi za nyumbani zilichukuliwa na maji mwezi wa 5 mwaka wa 2023, yale mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliyoua watu mamia. Vita ilipokuja akashuka Bukavu kwa mtoto wa dada yake, Kadutu, nyumba ya vyumba viwili, watu kumi na mmoja. Sasa ana matatizo matatu. Amesikia kwamba shemeji yake anataka kuuza shamba. Hana hata franka mia. Na kichwa kinamuuma kila asubuhi, mara nyingine anaona giza.

Familia inasema: «Tufanye nini? Msaada kwa wazee haupo.» Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka kusimama leo. Msaada upo kidogo, lakini umekatwa vipande, kila kipande kiko mlango wake. Haumtafuti mzee kitandani. Unampata mzee aliye na vitu viwili: mtu wa kumsindikiza, na karatasi mkononi. Mambo mengine yote nitakayosema yanategemea hivyo viwili.

Mtu wa kumsindikiza ni nani? Ni mmoja tu katika familia, mwanamke au mwanaume, ambaye wote wamekubali: wewe ndiwe miguu na macho ya mzee. Anajua dawa anazokunywa. Anajua karatasi ziko wapi. Anakwenda naye. Mkisema «sisi wote tunamtunza», mara nyingi hakuna anayemtunza. Ikiwa mzee hana mtu, basi avenyu imchagulie jirani mwaminifu, tena wawili ni bora kuliko mmoja, ili wachungane.

KARATASI

Anzeni na kitambulisho. Kwetu Kongo, kwa miaka mingi karte ya uchaguzi ndiyo imetumika kama kitambulisho. Ikiwa imepotea, tafuteni karatasi ya kupotelewa kwa wenye mamlaka. Kisha karatasi ya ndoa, ya kifo cha mume au mke, za kazi, za shamba au nyumba, na karte ya hospitali. Wekeni zote katika mfuko mmoja wa plastiki usioingia maji. Pigeni picha kila moja kwa simu, na mtumie picha hizo kwa mtoto aliye mbali. Maji na moto havitachukua vyote viwili.

Ikiwa hakuna karatasi, mwandikeni mzee mwenyewe. Chukueni kaye, kaeni naye jioni mbili tatu, bila haraka. Mwulizeni: shamba liko kilima gani? Nani amepakana nalo juu, chini, kulia, kushoto? Nani alitoa kalinzi, na nani alikuwepo? Mlilima tangu mwaka gani? Akikosa mwaka, aseme ilikuwa kabla au nyuma ya tukio gani. Andikeni tarehe, mzee atie sahihi au kidole, mashahidi wawili watie sahihi, na ikiwezekana mtu mmoja wa ukoo mwingine awe kati yao. Karatasi hiyo haigeuki kuwa hati ya shamba. Ni ushahidi, na mbele ya mpatanishi au hakimu ushahidi ulioandikwa mzee akiwa hai una uzito kuliko maneno ya wajukuu.

MLANGO WA KWANZA: SHERIA

Katiba ya Kongo ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 49, inasema mtu mzee ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Hayo ni maneno mazuri, lakini maneno ya katiba hayatembei yenyewe. Tuone sheria ndogo ndogo zinazomgusa mama yetu wa Kalehe.

Kwanza, urithi. Sheria ya Familia ni ya mwaka wa 1987, na ilirekebishwa mwaka wa 2016. Mtu akifa bila wosia, sheria inawaweka watoto katika daraja la kwanza, wasichana sawasawa na wavulana, na fungu lao ni robo tatu. Daraja la pili kuna mjane, kuna wazazi wa marehemu, na kuna kaka na dada zake. Kwa hiyo shemeji hachukui vyote, hata kama mila inampa sauti kubwa. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake na kutumia vyombo vyake. Hakuna wa kumfukuza siku arobaini zikiisha. Tena, kama ndoa iliandikishwa na hawakuchagua utaratibu mwingine, vitu walivyovipata pamoja vinagawanywa kwanza, nusu ya mjane inatoka, ndipo urithi unahesabiwa. Lakini ndoa nyingi za kwetu ziliishia kwenye ng'ombe na sherehe, hazikufika kwa mwandikishaji. Hapo pana taabu, na inafaa kumuuliza avoka njia ya kuthibitisha ndoa kwa mashahidi mbele ya hakimu.

Pili, shamba likiuzwa. Sikilizeni vizuri hapa. Sheria ya udongo ya mwaka wa 1973 inasema kwamba mtu akishapata cheti cha kuandikishwa kwa shamba au kiwanja, na miaka miwili ikapita bila mtu kukipinga, cheti hicho hakiwezi tena kuangushwa. Aliyenyang'anywa anabaki kudai malipo tu. Familia iliyohama inaweza kusema: «Tutashughulika tukirudi.» Miaka miwili ya ukimbizi inapita upesi. Mkisikia shamba linauzwa, pingeni mapema, tena kwa maandishi: kwa ofisi ya udongo, kwa mkubwa wa kilima, na mbaki na kopi yenye muhuri au sahihi ya aliyepokea.

Tatu, wosia. Wengi wanaogopa wosia, wanadhani ni kujiitia kifo. Sheria inatambua namna tatu. Kuna ule unaofanywa mbele ya notere au mwandikishaji wa serikali. Kuna ule mtu anaouandika wote kwa mkono wake mwenyewe, akaweka tarehe na sahihi. Na kuna wa mdomo, kwa mtu anayejiona karibu kufa, mbele ya mashahidi watu wazima wasiopungua wawili. Mzee anayesema mapema vitu vyake viende wapi anawaachia watoto amani.

Nne, matunzo. Sheria hiyo hiyo inawapa watoto wajibu wa kumlisha na kumsaidia mzazi aliye katika taabu, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Mtoto mwenye kazi akimwacha mama yake aombe njiani, mama anaweza kumshitaki. Simshauri mtu aanze na mashitaka. Anzeni na kikao cha familia. Lakini ni vizuri yule mtoto ajue kwamba sheria haiko upande wake.

Mengi ya mashauri kama haya yanaanzia Mahakama ya Amani, ile tunayoiita Tripaix. Mwanamke aliyeolewa, tangu mwaka wa 2016, haombi ruhusa ya mume ili aende mahakamani. Pesa je? Chama cha maavoka kina ofisi ya mashauri ya bure kwa maskini, na mtu asiye na kitu anaweza kuomba karatasi ya kuthibitisha umaskini wake ili asamehewe malipo ya mahakama. Makanisa yana tume za haki na amani. Na mji huu una desturi ya mashirika ya kufundisha raia sheria: Héritiers de la Justice, kwa mfano, ilizaliwa hapa Bukavu mwaka wa 1991.

Sasa neno la tahadhari. Vita ya mwaka wa 2025 ilivuruga maofisi mengi, na katika mji ulio chini ya utawala mwingine mtu anaweza kupewa karatasi ambayo kesho itakataliwa upande wa pili. Kabla ya kulipa, ulizeni: ofisi hii inafanya kazi? Aliyetia muhuri ni nani? Wekeni karatasi za zamani, msimpe mtu ile ya asili. Na ikiwa shauri linaweza kungoja bila hasara, afadhali lipatanishwe kwanza na kuandikwa, kuliko kununua hukumu ya haraka.

Kuna jambo la tano, zito zaidi. Mwezi wa 9 mwaka wa 2021, katika Kalehe, Kabare na Mwenga, wanawake waliosingiziwa uchawi waliuawa, wengine wakachomwa moto. Mara nyingi anayesingiziwa ni mama mzee, mjane, asiye na mtoto wa kiume karibu. Na mara nyingi nyuma ya neno «mchawi» kuna shamba. Macho mekundu yanatoka katika moshi wa jiko la miaka 50. Kusema peke yake usiku kunaweza kuwa ugonjwa wa kusahau. Anayenyoosha kidole anajua vizuri nani atalima pale mama akishakufa. Viongozi, siku ya kwanza mnaposikia neno hilo, mwondoeni mama mahali pale, mpelekeni kwa watu salama, ndipo muite kikao. Mkingoja kikao kwanza, mtakuta majivu.

MLANGO WA PILI: PESA

Hapa nitasema kweli ili mtu asitumaini bure. Kongo haina pesa ya uzee kwa kila mtu. Majirani wetu wameanza. Zanzibar, tangu mwaka wa 2016, inampa kila mzee wa miaka 70 pesa ya kila mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kenya ilifanya hivyo tangu mwaka wa 2018 kwa wenye miaka 70. Kwetu bado, na viongozi wetu wanapaswa kuulizwa siku moja kwa nini.

Lakini wako wazee wenye pesa yao iliyolala. Aliyefanya kazi katika kampuni, akakatwa mshahara kila mwezi, pesa ile ilikwenda INSS, ambayo sasa ni CNSS kwa sheria ya mwaka wa 2016. Sheria hiyo iliweka umri wa pansheni kuwa miaka 60, kwa mwanaume na mwanamke. Ambaye hakufikisha miezi ya kutosha ya kukatwa anaweza kuwa na haki ya malipo ya mara moja. Mtumishi wa serikali ana kasha lingine, CNSSAP. Na mjane wa mfanyakazi, pamoja na yatima, wana fungu lao. Wajane wengi hawajui. Mama yetu wa Kalehe hakujua: alidhani pansheni ilizikwa pamoja na mume.

Afanye nini? Atafute namba ya mume ya INSS. Ikiwa imepotea katika maji, atafute karatasi ya mshahara, barua ya kazi, au wenzake waliofanya kazi pamoja naye watoe ushahidi. Aombe kampuni, au aliyeirithi, karatasi ya miaka ya kazi. Hii ni njia ndefu, na vita imeirefusha. Mwezi wa 2 mwaka wa 2025 mabanki ya Bukavu yalifunga milango, na wazee waliokuwa wanapokea pesa benki walibaki mikono mitupu. Wengine walipokea kwa simu na wakakatwa sehemu kubwa mikononi mwa wabadilishaji. Hata hivyo faili iliyofunguliwa leo iko mbele ya faili isiyofunguliwa.

Juu ya simu, neno fupi. Mzee asiyejua kusoma anampa mjukuu namba yake ya siri. Mjukuu anatoa pesa, anasema haikufika. Huo ni wizi, hata kama mwizi analala nyumba moja na aliyeibiwa. Pesa ikifika, watu wawili waisome ile mesaji kwa sauti mbele ya mzee. Na mtu asimpe mzee karatasi ya prokirasio atie kidole bila kusomewa yote katika lugha yake, iwe Kiswahili, Mashi, Kihavu au Kilega.

Kwa wasio na pansheni, nguvu iko katika likelemba na katika AVEC, yale makundi ya kuweka na kukopeshana. Makundi mengi yanakataa mzee yakiogopa atakufa na deni. Lakini kasha la jamii la AVEC limewekwa kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kundi linaweza kukubali mzee aweke kidogo sana na asaidiwe na kasha hilo bila kukopa. Tena wazee wanaweza kufanya kazi za kukaa: kusuka vikapu, kuchambua maharagwe, kuchunga watoto wa mama wanaokwenda soko la Kadutu. Mama anayeachiwa watoto wanne tangu asubuhi hadi jioni anafanya kazi. Apewe chakula na heshima ya mfanyakazi.

MLANGO WA TATU: AFYA

Ugonjwa wa mzee unaitwa «uzee», na dawa yake inakuwa kungoja. Hilo ni kosa. Kichwa cha mama yetu kinachouma kila asubuhi kinaweza kuwa tansio, na tansio inaweza kupanda bila kuuma popote mpaka siku mtu anapoanguka upande mmoja. Kiu isiyoisha na kukojoa mara nyingi inaweza kuwa sukari. Ukungu machoni mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anatolewa kwa operesheni, mzee akaona tena njia. Kusahau ghafla, ndani ya siku mbili, kunaweza kuwa malaria au ukosefu wa maji mwilini.

Njia ni hii. Anzeni kituo cha afya cha eneo lenu. Wapime tansio, sukari na malaria. Ikiwa hawawezi, wawape karatasi ya kuwatuma hospitali. Mkipanda moja kwa moja hospitali kubwa bila karatasi hiyo, mara nyingi mtalipa zaidi. Dawa ya tansio ni ya kila siku. Wengi wanaacha wakijisikia vizuri, na hapo ndipo wanapoanguka. Mkikimbia vita, dawa na ile karatasi ya hospitali vitoke nyumbani pamoja na mzee.

Juu ya malipo, kuna mutuelle de santé. Bukavu imezijua tangu miaka ya 1990, kwa msaada mkubwa wa ofisi ya afya ya jimbo kuu, BDOM, na mwaka wa 2017 taifa lilitoa sheria yake. Familia inalipa kwa mwaka, kwa kila kichwa, na mtu akiugua mutuelle inalipa sehemu kubwa ya bili. Sasa tazameni kosa letu. Baba anahesabu vichwa, anaona pesa haitoshi, anamkata nani? Anamkata mzee, yule atakayeugua kwanza. Tena wengine wanangoja mpaka mtu awe kitandani ndipo waende kujiandikisha, na wanaambiwa muda umepita. Jiandikisheni mnapokuwa wazima, na jina la mzee liwe la kwanza.

Mzee akishalazwa na pesa ikakosekana, msimtoroshe usiku, na msimwache huko. Ulizeni mhusika wa mambo ya jamii ndani ya hospitali, ombeni kulipa kidogo kidogo kwa maandishi, pelekeni karatasi ya umaskini, semeni wazi kama ni mhami: mara nyingine shirika fulani limekubali kulipia wahami katika hospitali ile. Asiyeuliza haambiwi.

Mambo matatu ya mwisho juu ya afya. Mzee aliyevurugika akili kwa sababu ya vita apelekwe SOSAME, kwa matunzo ya akili, kabla ya kupelekwa kwa mtu wa kumfunga kamba. Mama mzee aliyebakwa, nasema hivyo kwa sababu inatokea na tunaficha kwa aibu, afikishwe hospitali kabla ya masaa 72 ili apate dawa ya kuzuia ukimwi; Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na daktari Mukwege, inawatunza waliotendwa hivyo, na umri hauwi sababu ya kukaa nyumbani. Hata masaa hayo yakipita, bado aende. Na mzee aliyepotezana na watoto wake njiani, jina lake lipelekwe kwa Msalaba Mwekundu: kutafuta watu waliopotezana ni kazi yao ya siku nyingi.

NENO KWA VIONGOZI

Shefu wa avenyu, mkubwa wa kartie, mchungaji, mama wa kundi: ninawaomba mambo matatu tu. Tengenezeni liste ya wazee wa avenyu yenu, wenyeji na wahami katika liste moja, mkiandika mbele ya kila jina nani anamsindikiza. Msiweke wahami pembeni. Mzee mwenyeji aliyepokea watu kumi mara nyingi ana njaa kuliko waliomjia, na msaada ukipita juu ya kichwa chake chuki inazaliwa pale. La pili: mtu akija kuandika wahami, mwongozeni mpaka ndani alipo mzee. La tatu: kila mkipatanisha ugomvi wa shamba, itieni barza wazee wa pande zote mbili, muandike wanachosema. Sahihi ya mzee isinunuliwe kwa chupa ya kasiksi.

Na mama yetu wa Kalehe? Tuseme familia ilisikiliza. Msichana wa miaka 19 alichaguliwa kumsindikiza. Kituo cha afya kilipima tansio, ikaonekana iko juu, sasa anakunywa dawa, na giza la macho limepungua. Kaye ya shamba imeandikwa, majirani wawili wa kilima walio hapa Bukavu wametia sahihi, na barua ya kupinga kuuzwa imefika; mnunuzi ameogopa, ameondoka. Pansheni ya mume bado. Faili imefunguliwa, jibu halijaja, na pengine halitakuja upesi. Sitaki kuwadanganya kwamba milango yote inafunguka. Lakini shemeji alipoona karatasi aliomba wakae na kuzungumza. Walikuwa hawajazungumza tangu kilio cha marehemu.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wenu amwulize mzee wa nyumba swali moja: «Jina lako limeandikwa wapi?» Akisema hajui, hapo ndipo pa kuanzia kesho asubuhi.

 

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KUNDI

1. Katika avenyu yetu kuna wazee wangapi wasio na mtu wa kuwasindikiza? Nani anaweza kuchukua kazi hiyo, na nani atamchunga?

2. Nani kati ya wazee wetu bado anajua mipaka ya mashamba tuliyoyaacha? Tutaandika maneno yake siku gani, na mbele ya mashahidi gani?

3. Ni wajane gani hapa waliofiwa na waume waliokuwa wanakatwa INSS?

4. Mtu akianza kumwita mama mzee mchawi katika mtaa wetu, tutamficha wapi siku ileile, na tutamwita nani?

5. Wenyeji na wahami wasomane liste zao kwa sauti: ni mzee gani ambaye jina lake halikutajwa?